Simu Iliyolia Nusu

Nilipokuwa nafanya kazi Ngara, miaka ile ambayo minara ya simu za mkononi ilikuwa haijaanza kusimama kwenye vilima vyetu, nilipewa jukumu la kuifikisha intaneti Biharamulo bila waya mpya na bila fungu la kununulia chochote. Nasema nilipewa, lakini ukweli ni kwamba niliitaka kazi ile. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka chuoni Dar es Salaam na cheti cha kompyuta. Nyumbani kwetu Biharamulo, ambako babu alifika kutoka pwani na marobota ya kanga akafungua duka ambalo baba bado alikuwa akiliendesha, hapakuwa na mtu aliyeelewa hasa nilichosomea. Mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba nachapa barua.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja mjini Ngara. Juu ya bati kulikuwa na dishi kubwa lililoachwa na mashirika ya wakati wa wakimbizi, na kupitia dishi hilo tulipata mtandao. Mtu wa Ngara mwenye kompyuta na simu ya mezani aliipigia namba yetu, modemu ikapokea, mashine mbili zikapigiana kelele kwa nusu dakika, naye akaingia. Shida ilikuwa Biharamulo. Simu ya kutoka kule hadi kwetu ilihesabiwa ya mbali, na sekondari iliyokuwa ikiomba huduma isingeimudu hata wiki moja.

Aliyenionyesha njia ni fundi wa simu, mzee wa makamo aliyekuwa karibu kustaafu. Tulikuwa tumesimama chini ya nguzo, yeye anakunja waya.

"Biharamulo hadi Benaco ni simu ya karibu," aliniambia. "Benaco hadi hapa nayo ni ya karibu. Tafuta mtu wa Benaco mwenye simu, umwombe aielekeze kwenu. Wa Biharamulo watampigia yeye, mitambo itawaleta kwako bila yeye kunyanyua mkono."

"Inaruhusiwa?"

"Haijakatazwa," alisema, akaendelea kukunja waya wake.

Benaco wakati huo ilikuwa nyumba chache tu kando ya barabara kuu, na nyuma yake yale maeneo ya kambi ya wakimbizi yaliyobaki matupu. Miti ilikuwa imekatwa yote kwa kuni, halafu majani yakaota marefu kuliko mtu, na humo ndani ulikuta vipande vya turubai la bluu, masufuria yaliyotoboka, mawe ya mafiga yamepangwa safu kwa safu hadi usione mwisho. Nilikuwa sipendi kupita huko hata mchana.

Simu niliyoitafuta niliikuta kwa mwalimu mmoja mstaafu, mjane, Mkatoliki wa ukoo uliolima Ngara tangu zamani. Marehemu mumewe aliwahi kupangisha vyumba kwa watumishi wa kambi, nao wakaingiza simu. Walipoondoka, simu ikabaki sebuleni juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe si wa huku."

"Wa Biharamulo, mama."

"Ah, wale wa dukani," akasema, na nikajua amenijua hadi babu yangu.

Nilimweleza. Alisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi anayejibu swali, mikono imekunjwa, macho hayatoki usoni kwangu. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Na karani akipiga?"

Sikujua anamsema karani gani, ndipo akanieleza. Mbele, kwenye barabara ya kwenda Biharamulo, kulikuwa na kizuizi cha ushuru wa mazao, na karani wake alikuwa na simu ofisini. Barabara ile ilikuwa na majambazi. Kutoka kizuizini kwenda mbele magari yalipita msituni kwa msafara, yakisindikizwa na polisi wenye bunduki, lakini kipande cha kutoka Benaco hadi kizuizini watu walipita wenyewe. Karani akisikia kuna watu wameonekana kwenye kipande hicho, alimpigia mwalimu. Mwalimu alikwenda kutundika kitenge chekundu kwenye ua wake, ulioko barabarani, na madereva walikijua. Wakikiona, walisimama. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa kwa kazi hiyo. Mwanawe wa pekee alikuwa dereva wa pikapu iliyobeba ndizi na abiria, na nadhani ilianzia hapo.

"Tutaichukua simu saa mbili hadi saa nne asubuhi tu," nilimwambia. "Muda mwingine wote ni yako. Na bili tutalipa sisi."

Alikubali. Nilimwandikia kwenye karatasi namna ya kuielekeza: nyota, tarakimu mbili, nyota, namba yetu, kisha ile alama ya reli. Na namna ya kuirudisha. Aliibandika ukutani kwa gundi ya unga.

Ilifanya kazi siku ya kwanza. Kule Biharamulo walishangilia, wakaniambia hivyo kwa barua pepe, ya kwanza kabisa kutoka wilaya yetu kwenda nyingine kwa njia ile. Niliichapa nikaiweka kwenye mkoba ili nimwonyeshe baba.

Kitu kimoja sikukitegemea. Simu ikiwa imeelekezwa, kila mtu anapopiga ilitoa mlio mmoja mfupi, nusu ya mlio hasa, *kri*, halafu kimya. Ilikuwa ni mitambo inamkumbusha mwenye simu kwamba mtu amepita. Mwalimu alisema wiki ya kwanza alikuwa anashtuka kila mara, anaacha jiko anakimbilia sebuleni. Baadaye akazoea.

"Sasa ikilia nasema tu, haya, piteni," aliniambia akicheka.

Kabla mwezi haujaisha, alikuja ofisini kwetu kijana mwenye baiskeli iliyojaa matope, ametumwa na dada wa yule mwalimu, dada aliyekuwa akilima Bugarama. Dada huyo alikwenda misheni kuomba simu ili ampigie ndugu yake, akasikia kilio. Ndivyo alivyosema yule kijana: kilio, cha mnyama au cha watu wengi. Alikata, akapiga tena, akasikia kilekile. Akaamini kuna jambo limetokea Benaco, akamtuma kijana. Kijana alipomkuta mwalimu mzima anachambua maharage, mwalimu akamwelekeza kwangu ili nimweleze ile sauti ni nini.

Nilimweleza huku nacheka. Nilimfungulia spika ya modemu asikie. Hakucheka. Alirudi nyuma hatua moja, akaniuliza, "Na wewe unakaa na kitu hiki kutwa?"

Habari ikaenea kwamba simu ya Benaco imeingiliwa, kwamba ukipiga unawasikia wale waliozikwa kambini. Mwalimu alikuwa anakasirika akiambiwa hivyo, kwa sababu wale waliozikwa kule aliwajua kwa nyuso, alikuwa amewafundisha watoto wao chini ya turubai. Lakini jambo lenyewe lilitakiwa linifumbue macho. Watu walikuwa wanampigia na hawampati. Mimi nililiona kama kichekesho cha kusimulia ofisini.

Halafu zile saa mbili za asubuhi hazikutosha. Zahanati moja ya Nyamahanga ilikuwa inaleta ripoti zake mjini Biharamulo kwa baiskeli ili zitumwe, na ripoti zilifika saa tano. Wafanyabiashara nao wakataka. Nilimwomba mwalimu aache hadi saa sita, akaacha. Nikamwomba siku tatu kwa wiki aache hadi saa nane. Kila nilipoomba aliuliza swali lilelile kuhusu karani, nami kila mara nilijibu kwamba barabara imetulia siku hizi. Ilikuwa kweli imetulia. Nilisema hivyo kana kwamba mimi ndiye niliyeituliza.

Kwenye modemu yetu kulikuwa na kitufe cha kuzungusha, cha kupandisha na kushusha sauti. Nilipenda kuiacha sauti juu kidogo ili nijue nani anaingia. Mara mojamoja, katikati ya kelele, nilisikia mtu. "Halo? Halo? Mama mwalimu?" Kisha anakata. Mara moja mwanamke aliongea Kihangaza kwa muda mrefu, polepole, kana kwamba anaomba. Mashine ilimpigia mlio wake hadi akachoka. Nilikusudia kumwambia mwalimu, lakini sikujua ningemwambia nani amepiga.

Siku ya matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, nilimwomba mwalimu aache simu imeelekezwa kutwa nzima. Ilikuwa mara ya kwanza matokeo kupatikana kwetu kwa mtandao, siku hiyohiyo yanapotoka. Nilikwenda Benaco mwenyewe siku moja kabla. Nilimkuta mwanawe uani, ameinama chini ya pikapu, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Mama anasema kesho simu yenu," alisema kutoka huko chini.

"Kesho tu."

"Haya. Ila mwambie karani wa watu asije akanuna."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Alisema angempelekea karani ujumbe. Baadaye niliambiwa ujumbe ulitumwa kwa kondakta wa lori, na lori hilo liliharibika njiani.

Siku yenyewe, tangu saa tatu, kule shuleni Biharamulo walikuwa wamekaa kwenye kompyuta moja, wanafunzi wamejaa hadi nje. Ofisini kwetu nako watu walikuwa wamefurika, wazazi na vijana, wengine wamepanda viti. Kurasa zilishuka polepole, jina moja baada ya jingine. Mtu akipiga kelele ya furaha, mwingine alikuwa anatoka nje kimya ameshika kichwa. Saa sita na nusu walimu wa Biharamulo waliniandikia kwamba jenereta imepata moto, wanaizima ipoe, watarudi saa nane. Wakakata.

Kwa hiyo nilijua. Hilo ndilo sijaweza kujidanganya nalo. Nilijua kwamba kuanzia saa ile hakuna mtu wa Biharamulo anayetakiwa kuja kwa njia ya Benaco.

Saa saba kasoro modemu iliita. Ikapokea, ikaanza kulia, na chini ya mlio wake nikasikia mwanamume. Alisema maneno mawili matatu kwa sauti ya juu, kama mtu anayemwita mwingine aliye ng'ambo ya mto. Akakata. Mara ikaita tena. Safari hii nilisikia "asubi…" na mengine yakafunikwa. Nilidhani anasema asubuhi. Nilijiuliza mtu gani anasalimia asubuhi saa saba mchana. Ikaita mara ya tatu. Mzazi mmoja aliyekuwa karibu na meza aliziba masikio akasema, "Binti, hiyo sauti inaumiza." Nikanyoosha mkono nikazungusha kitufe hadi mwisho, ikawa kimya. Taa tu ndizo zilizobaki zinapepesa, nyekundu, kisha zikatulia.

Nikarudi kumtafutia mtoto wa watu matokeo yake.

Wakati huohuo, kule Benaco, mwanawe mwalimu alikuwa amekaa uani anakula ndizi na maharage. Haya nimeyapata kwa mwalimu mwenyewe. Simu ililia nusu. Baada ya muda mfupi ikalia nusu tena, na tena. Mwanawe aliinua kichwa.

"Leo hawakupi raha," alisema.

"Ni watoto wa shule Biharamulo wanatafuta matokeo," mama alimjibu.

Akanawa mikono, akapakia abiria wanne waliokuwa wanasubiri kivulini, akaondoka kuelekea kizuizini kuwahi msafara wa saa nane.

Majambazi waliwasimamisha kilomita chache mbele, mahali barabara inaposhuka kwenye bonde na kukata kona. Aliona gogo limelazwa barabarani, akajaribu kurudi nyuma. Wakapiga risasi mbili, moja ikampata pajani. Waliwanyang'anya abiria kila walichokuwa nacho, hata viatu, wakaingia majanini. Abiria mmoja alijaribu kumfunga kidonda kwa mtandio. Walikaa pale karibu saa nzima kabla ya gari jingine kutokea, kwa sababu magari ya upande wa pili yalikuwa yamezuiwa na karani, ambaye alikuwa amefanya kazi yake yote sawasawa. Mwanawe mwalimu alifariki kabla hawajamfikisha hospitali.

Habari zilifika Ngara alasiri. Aliyeleta alisema tu, "Dereva wa pikapu, yule wa kwa mwalimu, wamemuua." Nilikuwa nimesimama. Nakumbuka niliitazama modemu, na mkono wangu ukaenda kwenye kile kitufe ukakirudisha pale kilipokuwa, kana kwamba kuna mtu angekuja kukikagua.

Nilikwenda mazishini. Nilikaa na wanawake, nikamenya ndizi. Simu ilikuwa juu ya meza yake sebuleni, bado imeelekezwa kwetu, kwa sababu katika nyumba ile hakuna aliyekumbuka. Nilisubiri watu watoke sebuleni. Nikabonyeza kuirudisha, nikasikia mlio wa kawaida, nikaiweka chini. Ile karatasi yangu niliibandua ukutani. Gundi ilikuwa imeshika, ikaacha alama ya pembe nne.

Nilikaa na jambo lile wiki sita. Kazini niliwaambia njia ya Benaco imefungwa. Walimu wa Biharamulo waliniandikia wakiniuliza, sikuwajibu. Nilikuwa nikila chakula kinabaki. Kisha siku moja ya Jumamosi, asubuhi, nilipanda gari nikaenda kwake.

Alikuwa anapalilia mahindi nyuma ya nyumba. Sikungoja akaribishe.

"Mama, siku ile karani alipiga simu, ikaja kwangu. Nilimsikia. Nilishusha sauti."

Hakuacha jembe mara moja. Alimaliza tuta alilokuwa nalo, akasimama.

"Karani alikuja hapa siku ya tatu ya msiba," alisema. "Aliniambia alipiga mara tatu. Kwa hiyo nilijua simu ilipita kwako. Sikujua kama ulisikia."

"Nilisikia."

"Alisema nini?"

Nilimwambia nilivyosikia, lile neno lililokatika. Alilirudia taratibu, kama anayesahihisha daftari.

"Asubiri," akasema. "Alikuwa anasema asubiri."

Nilianza kulia. Hakunikemea wala kunibembeleza. Alisema, "Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwenye ile simu. Ningenyanyua, ningebonyeza ulivyonifundisha, ningempigia karani. Mwanangu mwenyewe aliinua kichwa akasikiliza. Mimi ndiye niliyemwambia ni watoto wa shule." Akaokota jembe, akaliegemeza ukutani. "Usifikiri utalibeba peke yako. Na usifikiri nimekusamehe leo. Njoo ndani unywe uji."

Nilikwenda kwake mara nyingi baada ya hapo. Hatukuwa tunazungumza sana. Miezi kadhaa ikapita, akaniambia anataka kwenda Biharamulo, na anataka niende naye. Hakusema kwa nini na mimi sikuuliza, kwa kuwa njia ya kwenda huko ni moja, ile inayopita kwenye lile bonde.

Tulipanda basi. Wakati huo, kwa sababu ya yaliyotokea, msafara wa polisi ulianzia Benaco kwenyewe. Kulikuwa na malori saba, mabasi mawili, na askari wawili ndani ya basi letu, mmoja mlangoni, mmoja nyuma. Tulikaa viti vya katikati, yeye dirishani. Tulipokaribia lile bonde alimwita utingo, akamwomba amwambie dereva apunguze mwendo kidogo.

"Mama, haiwezekani," utingo alisema kwa upole. "Kwenye msafara gari halipunguzi. Hasa hapa."

"Mwanangu alipigwa risasi hapa."

Utingo alimtazama, akamtazama askari. Askari akatikisa kichwa, akaishika bunduki yake vizuri zaidi na kugeukia nje. Basi likashuka kwa kasi ileile. Mwalimu alisogeza uso hadi kioo, akawa anatafuta. Lakini pale mahali palikuwa upande wa pili wa barabara, upande wangu. Mimi nilipaona: kona, ukingo wa majani uliolala, hakuna kitu kingine. Nilipotaka kumwambia, tulikuwa tumeshapita, na yeye bado alikuwa anatazama nje kwa upande wake, analiangalia kila jani, mkono wake umeshika chuma cha kiti cha mbele.

Sikumwambia.

Tulifika Biharamulo saa tisa alasiri. Mama yangu alikuwa amepika wali na nyama ya mbuzi. Alimpokea mwalimu mlangoni kwa mikono miwili, akamwamkia, akamtandikia mkeka, akamwondolea viatu mwenyewe. Mwalimu alikula. Baba alikuja kutoka dukani, akakaa, wakazungumza habari za mvua na bei ya maharage. Nilikuwa nimekaa pembeni nikiwasikiliza, nikingoja mmoja wao aniulize ile kazi yangu ya Ngara inaendeleaje, ili niwaambie nilichofanya. Hakuna aliyeuliza.